Enalaprili na lisinoprili: kidonge kilekile kwa mwenye presha na kwa mwenye moyo ulioshindwa, lakini masharti si yaleyale

Mfamasia wa Dirishani aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mfamasia katika hospitali ya wilaya, na uzi huu nauanzisha kwa sababu ya swali moja ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki: "Presha yangu imeshashuka, kwa nini bado napewa dawa ya presha, tena dozi imeongezwa?" Mara nyingi anayeuliza si mgonjwa wa presha tu. Ni mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, yule ambaye mtaani husemwa kwamba ana moyo mkubwa au moyo uliotanuka, na kidonge alichoandikiwa ni enalaprili au lisinoprili. Jirani yake naye anatumia kidonge hichohicho kwa ajili ya presha peke yake. Wakikutana wanalinganisha dozi, kisha mmoja anamwiga mwenzake, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja na kaptoprili, ramiprili na perindoprili. Majina nayaandika kwa matamshi yetu. Kwenye pakiti utayakuta bila ile i ya mwisho. Kazi yake inaanzia kwenye figo. Figo zikihisi kwamba damu inayozifikia ni kidogo, humwaga renini, ambayo hukata protini fulani inayotengenezwa na ini, ikapatikana anjiotensini ya kwanza isiyo na nguvu kubwa. Kimeng'enya ambacho kimejaa zaidi kwenye mishipa ya mapafu huigeuza kuwa anjiotensini ya pili, na hiyo ndiyo inayobana mishipa ya damu na kuzichochea tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Dawa za ukoo huu huzuia kimeng'enya hicho, hivyo mishipa inalegea, chumvi inatoka na presha inashuka.

Kwa mwenye presha peke yake, maelezo yanaishia hapo. Kwa mwenye moyo ulioshindwa yanaendelea. Moyo ukidhoofika, figo hupata damu kidogo, nazo hufanya kana kwamba mwili umepungukiwa maji: zinazidi kumwaga renini, mishipa inazidi kubanwa, maji yanazidi kuzuiwa. Moyo uliokwisha kuchoka unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kupitia mishipa iliyobana zaidi, na hali hiyo ikiendelea kuta zake hubadilika umbo, zikatanuka na kujaa makovu. Kwa mgonjwa huyu enalaprili haikuandikwa ili kuitafuta namba fulani kwenye mashine ya presha, bali kuuvunja mzunguko huo. Ndiyo maana anaandikiwa hata kama presha yake haijapata kupanda maishani, na ndiyo maana daktari anaongeza dozi wakati mashine inaonyesha kwamba mambo ni mazuri.

Kwa kawaida mgonjwa wa moyo huanza na enalaprili miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, akapandishwa hatua kwa hatua, mara nyingi kila baada ya wiki mbili hivi, hadi miligramu 10 au 20 mara mbili kwa siku, ilimradi mwili unastahimili. Lisinoprili huanza na miligramu 2.5 au 5 mara moja kwa siku na lengo huwa kati ya 20 na 40. Huku kupanda si mazoea tu ya madaktari. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CONSENSUS, uliofanyika Norwei, Uswidi na Finlandi kwa wagonjwa 253 ambao moyo ulikuwa umeshindwa kwa kiwango kikubwa kabisa, wale wanaohema hata wakiwa wamelala. Baada ya miezi 6, kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wamefariki asilimia 44, na kati ya waliopewa enalaprili asilimia 26, na wote hao walikuwa wanaendelea na dawa zao nyingine za moyo. Ni dawa chache za bei nafuu namna hii zinazoweza kujisifu hivyo. Niongeze tu kwamba faida hiyo ni ya moyo ambao nguvu yake ya kusukuma imepungua. Upo pia moyo unaosukuma vizuri lakini umekakamaa, haupokei damu sawasawa, na huko faida haijaonekana wazi kiasi hicho. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kwa hiyo anayemuuguza mgonjwa ayatunze majibu ya eko kama anavyotunza kadi ya kliniki.

Nitoe mfano mmoja. Kijana fulani aliniletea dirishani karatasi za enalaprili za baba yake zisizoguswa, pamoja na daftari dogo la vipimo vya nyumbani. Ndani yake mlikuwa na 104/66, 100/62, 106/70, kila namba imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Kwa hofu ya kwamba presha inashuka mno, alikuwa amemsimamishia mzee dawa. Nikamwuliza kama mzee alikuwa anaona kizunguzungu akisimama. Hapana. Kama alikuwa ameanguka au mkojo umepungua. Hapana, alikuwa anakwenda msikitini kwa miguu yake na kurudi. Na sasa je, tangu uache kumpa? Sasa anapumzika mara mbili njiani, usiku anataka mito mitatu, na viatu havimwingii. Namba zilizozungushiwa duara zilikuwa namba za dawa inayofanya kazi yake. Daktari alimrudisha kwenye dozi ya mwanzo na safari ya kupanda ikaanza upya.

Kwa hiyo mgonjwa wa moyo mwenye 100 juu ya 60 hivi, ambaye hana kizunguzungu, hazimii na anakojoa kama kawaida, asiache dawa kwa kuangalia mashine. Akiwa na kizunguzungu, jambo la kwanza ambalo kliniki italitazama mara nyingi ni ile dawa ya kukojoza, kwa mfano furosemaidi, kama imekuwa nyingi kuliko maji yaliyobaki mwilini, kabla ya kuigusa enalaprili. Hilo ni la kliniki kuamua, si la mwanafamilia wala la muuza duka.

Karibuni kwa maswali.

Bint Kisauni aliandika:

Shukrani sana, daktari. Mamangu yuko Mombasa, ana presha ya muda mrefu na sasa moyo umeanza kumsumbua. Amewekwa kwenye enalaprili, na tangu hapo amekuwa akikohoa. Jirani amemwambia ni dawa, aitupe. Sasa sisi watoto tumegawanyika, wengine wanasema aache na wengine wanasema avumilie. Tufanyeje?

Mfamasia wa Dirishani aliandika:

Dada, mpe mama pole. Jirani hakubahatisha, ila amewahi mno kuhukumu.

Kimeng'enya kinachozuiwa na dawa hizi kina kazi ya pili, nayo ni kuivunjavunja bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa ya damu. Kimeng'enya kikizuiwa, bradikinini hurundikana kwenye njia ya hewa, na takribani mtu mmoja kati ya kumi hupata kikohozi. Kikohozi hicho ni kikavu, kama kitu kinachotekenya kooni, hakina makohozi wala homa. Kinaweza kuanza ndani ya siku chache au baada ya miezi, na dawa za maji za kikohozi hazikiondoi. Dawa ikiachwa, kwa kawaida kinakwisha ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi.

Lakini mama ana moyo ulioshindwa, na moyo huo nao hukohoza. Maji yakijaa kwenye mapafu, mgonjwa hukohoa zaidi akilala, huamka usiku akihema, huvimba miguu na uzito wake hupanda ndani ya siku chache. Kikohozi cha namna hiyo kinataka tiba ya moyo iongezwe, na mtu akiitupa enalaprili kwa ajili yake anauongezea ugonjwa nguvu. Tena, kwa huku kwetu, kikohozi kilichofika wiki mbili kinapaswa kupimwa kifua kikuu, hata kama mgonjwa ana hakika kwamba ni dawa. Sitaki kumtia mtu hofu, ila kikohozi kilichosingiziwa kidonge huku makohozi hayajapimwa ni hatari kwa nyumba nzima.

Kwa hiyo mpimeni uzito asubuhi kabla hajala, muulizeni analalia mito mingapi, kisha mpelekeni kliniki na taarifa hizo. Ikithibitika kwamba ni dawa na kikohozi kinamnyima usingizi, daktari ana pa kumhamishia: losartani, valsatani au kandesatani. Hizo huacha kimeng'enya kifanye kazi yake na kuiziba anjiotensini ya pili mahali inapofikia, kwa hiyo mara chache sana huleta kikohozi. Angalieni tu kwamba dozi ya losartani kwa moyo ulioshindwa hupandishwa hadi miligramu 150 kwa siku, mgonjwa akistahimili. Mtu anayebaki na 50 kwa sababu presha ni nzuri anarudi kwenye kosa nililolieleza juu.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri kliniki. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Uvimbe huo ni nadra, lakini watu weusi huupata zaidi kuliko wengine, unaweza kutokea hata baada ya miaka ya kutumia dawa bila tatizo, na ukifika kooni unaziba hewa. Sindano za kawaida za mzio mara nyingi hausikii. Aliyepata uvimbe huo asirudie tena dawa yoyote ya ukoo huu, na iandikwe kwenye kadi yake.

Mzee wa Kilosa aliandika:

Mkuu, nimesoma kwa makini. Mimi nina presha tu, moyo ulipimwa ukaonekana mzima. Nimeandikiwa amlodipini pamoja na hidroklorothiazidi. Kama hiyo enalaprili ni nzuri hivyo, mbona mimi nimenyimwa? Na jambo la pili, hizi dawa za hospitali si kemikali tu? Kitunguu saumu na mlonge havitoshi?

Mfamasia wa Dirishani aliandika:

Shikamoo mzee wangu. Hukunyimwa, umepewa inayokufaa.

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana renini kidogo katika damu, na presha yao inafungamana zaidi na chumvi na maji. Kwa hiyo dawa inayokata njia ya renini, ikitumika peke yake, mara nyingi haishushi presha yao kiasi cha kutosha. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba washiriki weusi waliopewa lisinoprili walipata kiharusi zaidi kuliko weusi wenzao waliopewa dawa ya kukojoza ya klothalidoni. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2019 yalitoka matokeo ya CREOLE, utafiti uliowahusisha watu 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walilinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbilimbili, na ule wa amlodipini na hidroklorothiazidi pamoja na ule wa amlodipini na perindoprili ikaushinda ule ambao haukuwa na amlodipini. Mchanganyiko wako ni mmoja wa washindi hao.

Hilo ni kwa presha. Lisichukuliwe na mtu yeyote mwenye moyo ulioshindwa kuwa hoja ya kwamba dawa hizi si za watu weusi. Kwenye moyo tunazitumia, na vilevile kwa mwenye kisukari ambaye figo zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo.

Kuhusu kemikali, nitakupa kisa ambacho nadhani utakipenda. Kule Brazili kuna nyoka aitwaye jararaka, ambaye akimng'ata mtu presha humshuka hadi kuanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Maurício Rocha e Silva na wenzake, wakichunguza sumu ya nyoka huyo, waligundua bradikinini. Baadaye Sérgio Ferreira, Mbrazili mwenzao, alipata katika sumu hiyohiyo kitu kinachoiongezea bradikinini nguvu, akakipeleka London kwenye maabara ya John Vane, na huko ikaonekana kwamba kinazuia kile kimeng'enya chetu. Kule Marekani, David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb wakatengeneza molekuli ndogo inayofanya kazi hiyo na inayoweza kumezwa. Ndiyo kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Asili yake ni porini, mzee, kama ilivyo ya mlonge wako. Kilichoongezeka ni kwamba tunajua kiasi gani kimo ndani ya kila kidonge, nani amejaribiwa nacho na nini kilimpata. Kitunguu saumu kwenye mchuzi kula bila wasiwasi. Badala ya amlodipini, hapana.

Mama Wawili aliandika:

Samahani, naomba kuuliza. Nina miaka 31, natumia lisinoprili kwa presha, na mimi na mume wangu tunatamani mtoto wa tatu. Dukani niliambiwa hakuna shida.

Mfamasia wa Dirishani aliandika:

Dada yangu, shida ipo, na ni kubwa. Dawa za ukoo huu, pamoja na losartani na ndugu zake, hazitumiki katika ujauzito. Hasa kuanzia mwezi wa nne huharibu figo za mtoto aliye tumboni, maji yanayomzunguka yanapungua, na mapafu na mifupa ya kichwa haikui ipasavyo. Nenda kliniki kabla hujaacha uzazi wa mpango, ubadilishiwe. Zipo methildopa, labetaloli na nifedipini ya kutoa dawa polepole, ambazo zimetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Ikitokea umeshika mimba ukiwa bado unameza lisinoprili, usingoje tarehe ya kliniki, nenda mara moja.

Baada ya kujifungua mambo hubadilika tena. Wapo kina mama ambao moyo hushindwa mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, na huku Afrika hao si wachache. Enalaprili na kaptoprili zinaweza kutumika mama akiwa ananyonyesha, isipokuwa uangalifu zaidi unahitajika mtoto akiwa ni njiti au mwenye siku chache tu.

Msafiri wa Maskati aliandika:

Assalaam alaykum. Mimi nafanya kazi Omani, baba yuko Tanga na ana tatizo la moyo. Huko anatumia enalaprili asubuhi na jioni, spironolaktoni, furosemaidi na karvediloli. Daktari wa hapa ameniambia kuna dawa mpya zaidi iitwayo Entresto, nami nimenunua boksi ili nimpelekee. Azichanganye vipi? Na Ramadhani anataka kufunga.

Mfamasia wa Dirishani aliandika:

Wa alaykum salaam. Kaka, asizichanganye kabisa, na boksi hilo lisifunguliwe kabla daktari wake wa Tanga hajaliona.

Entresto ina dawa mbili ndani yake, sakubitrili na valsatani. Ni kweli kwamba utafiti wa PARADIGM-HF wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa inaishinda enalaprili kwa moyo ambao nguvu ya kusukuma imepungua. Lakini sakubitrili nayo huzuia bradikinini isivunjwe. Mtu akiimeza juu ya enalaprili, ule uvimbe wa ulimi na koo niliomweleza Bint Kisauni unakuwa hatari iliyo karibu sana. Anayehama kutoka enalaprili kwenda Entresto huacha enalaprili, hukaa saa 36 kamili, ndipo anameza kidonge cha kwanza. Kisha fikiria na suala la kuendelea: boksi moja likiisha, utamtumia jingine kila mwezi kwa miaka? Kama uhakika huo haupo, heri enalaprili ya dozi kamili anayoipata kila siku kuliko dawa bora anayoipata kwa kubahatisha.

Mchanganyiko wake wa sasa nao una jambo la kuangaliwa. Enalaprili hupunguza potasiamu inayotoka kwenye mkojo, na spironolaktoni vilevile. Zikiwa pamoja, potasiamu inaweza kupanda bila dalili yoyote mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Ulizia mara ya mwisho baba alipopimwa figo na potasiamu. Kipimo hicho hufanywa kabla ya kuanza, wiki moja au mbili baada ya kuanza na baada ya kila ongezeko la dozi, kisha kila baada ya miezi michache. Kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda kidogo mwanzoni si sababu ya kukimbia dawa. Madaktari wengi huvumilia hadi asilimia 30 juu ya ilivyokuwa. Asitumie zile chumvi mbadala zinazouzwa kuwa ni salama kwa wagonjwa wa presha, kwa maana nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Usizipakie kwenye zawadi zako.

Halafu muulize kuhusu dawa za maumivu, na uulize kwa majina, kwa sababu wazee hawazihesabu kuwa ni dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku zinanunuliwa kama pipi, huzuia chumvi na maji visitoke, huidhoofisha enalaprili, na zikikutana na enalaprili pamoja na furosemaidi zinaweza kuzizimisha figo. Nimeona wagonjwa waliolazwa kwa miguu iliyojaa maji, na chanzo kikawa ni vidonge vya goti. Parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo.

Kuhusu Ramadhani, kwanza aulizwe daktari kama moyo wake umetulia kiasi cha kufunga, kwa sababu kukaa mchana kutwa bila maji huku unameza furosemaidi kwenye joto la Tanga si jambo dogo. Akiruhusiwa, enalaprili ya mara mbili inaweza kupangwa wakati wa futari na wakati wa daku, au akahamishiwa lisinoprili ambayo ni mara moja kwa siku. Kaptoprili ingemsumbua, maana humezwa mara mbili au tatu na inataka tumbo lisilo na chakula. Na siku yoyote, Ramadhani au la, akipatwa na kutapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kunywa, apigie kliniki siku hiyohiyo aulize kama asimamishe kwa muda enalaprili, spironolaktoni na furosemaidi mpaka maji yarudi mwilini, na aulize pia lini azirudishe, kwa kuwa wengi husimamisha vizuri kisha hawarudi tena.

Msafiri wa Maskati aliandika:

Nimeelewa, boksi nitakwenda nalo kliniki likiwa limefungwa. Swali la mwisho: akisahau dozi ya asubuhi, ameze mbili jioni?

Mfamasia wa Dirishani aliandika:

Hapana. Akikumbuka mchana, ameze wakati huo. Akikumbuka jioni wakati wa dozi nyingine umekaribia, ameze hiyo ya jioni peke yake.